Njugu hakuwa tayari: niliyoyaona baada ya kupandisha mbwa wa kilo mbili

Karibu kila wiki napokea ujumbe wa aina moja, leo kutoka Donholm, kesho Kasarani: "Mbwa wangu ni kadogo sana, ana miezi minane, ameanza joto. Nimtafutie dume gani?" Swali huwa ni la dume. Kuhusu jike mwenyewe hakuna anayeuliza. Hata mimi sikuuliza.

Njugu ni Chihuahua wa rangi ya kahawia. Nilimpa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza alilala ndani ya sufuria ya wali, na nafasi ikabaki. Alipofikisha miezi saba nilimpima kwenye mizani ya unga: kilo 1.9. Mwezi huohuo akaanza joto. Nikaona matone ya damu kwenye vigae, na nje ya geti madume wa Buruburu nzima wamepanga foleni kama watu wanaosubiri matatu saa kumi na mbili jioni.

Kijana mmoja wa nyumba za nyuma alikuwa na dume wa Japanese Spitz, mweupe, mwenye afya. "Madam," akaniambia, "hawa wadogo wanauzika kama njugu," akacheka kwa kuligusa jina la mbwa wangu. Hataki pesa, atachukua mtoto mmoja tu. Nikakaa mezani na risiti ya supamaketi, nyuma yake nikaandika: watoto wanne, toa mmoja, mara 25,000. Nikaona karo ya muhula wa pili imejilipa.

Jioni nikampigia mama simu kujigamba. Mama anafuga ng'ombe wa maziwa Githunguri, Kiambu, tangu kabla sijazaliwa. "Mtamba akianza joto humpeleki kwa dume siku hiyo," akasema. "Unangoja mwili." Kwao mtamba wa Friesian, yaani ng'ombe jike wa maziwa ambaye hajazaa bado, hapandishwi mpaka akaribie kilo 300, hata kama joto limempata mara tatu kabla ya hapo. "Huyo wako ana kilo ngapi?" Nikamjibu, Mama, huyu ni mbwa, si Friesian. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha Nairobi.

Nimeifikiria simu ile mara nyingi. Mfugaji yeyote wa Kiambu anajua kwamba joto ni habari ya mayai kuamka, si habari ya mifupa kukomaa. Tukishafika kwa mbwa tunalisahau hilo, labda kwa sababu mbwa mdogo anaonekana mtoto siku zote, hata akiwa mzee. Jike wa aina ndogo hupata joto la kwanza kati ya miezi sita na kumi na miwili. Wakati huo bado anajijenga, na ukimpandisha, chakula kilekile kinagawanywa kati ya mwili wake na wa watoto. Madaktari wengi wa mifugo watakuambia ungoje joto la pili au la tatu, afikishe kama mwaka mmoja na nusu, tena baada ya kupimwa moyo na magoti, maana hawa wadogo magoti yao huteguka ovyo na kasoro hiyo hurithiwa. England, kwa kanuni za mwaka 2018, mfugaji mwenye leseni haruhusiwi kumpandisha jike aliye chini ya miezi 12, wala aliyekwisha kuzalishwa kwa upasuaji mara mbili.

Lakini umri ni nusu ya tatizo. Ningemngoja Njugu hata miaka mitatu, nyonga yake ingebaki ileile. Chihuahua ana kichwa cha mviringo, kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na mtoto wake huja na kichwa hichohicho. Akibeba mtoto mmoja au wawili tu, kila mmoja hupata nafasi ya kunenepa tumboni, na hapo njia inakuwa finyu zaidi. Nami nikaongeza dume mkubwa kuliko yeye. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho wauzaji wa "mbwa wa kuingia mkobani" hawakisemi: kile kinachompandisha bei jike huyo ndicho kinachomzuia kuzaa. Na hao wa mkobani si aina ya pekee, ni Chihuahua au Maltese aliyechaguliwa kwa udogo tu. Kiwango cha Chihuahua cha Marekani huishia pauni 6, yaani kama kilo 2.7. Wafugaji wanaojua kazi yao huzalisha kwa jike mkubwa wa kutosha na dume mdogo. Wale wadogo kabisa hubaki kuwa mbwa wa nyumbani.

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Siku ya 61 Njugu alianza kuchana magazeti na kuchimba zulia. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida huwa juu ya 38, lilikuwa limeshuka hadi 37. Hiyo ni dalili kwamba uchungu uko karibu, kwa kawaida ndani ya saa 24. Saa tano usiku akaanza kusukuma. Mwili mzima ulikuwa unajikunja, miguu ya nyuma ikikanyaga hewa, kisha anageuka kunitazama. Saa sita, hakuna kitu. Niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Mmoja akasema mbwa hujizalia wenyewe, niende nilale. Mwingine akanishauri nikamgongee mwenye duka la agroveti anipe sindano ya kuongeza uchungu. Namshukuru Mungu duka lilikuwa limefungwa. Sindano ile ya oksitosini, ikipigwa wakati mtoto amekwama, inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Saa saba kasoro niliona doa la kijani kwenye leso niliyomtandikia. Kijani kibichi, kama maji ya sukuma wiki. Kabla mtoto wa kwanza hajatoka, rangi hiyo maana yake kondo limeachia na mtoto hapati hewa. Dereva wa kwanza wa teksi alipoona ni mbwa akaondoka. Wa pili alikubali, nimfunike. Tulifika kwenye kliniki moja upande wa Westlands saa nane usiku, Njugu ameacha hata kusukuma.

Walimpasua. Watoto walikuwa watatu. Aliyekwama alikuwa amekufa, kichwa chake kimevimba, nami niliombwa niangalie ili nielewe. Wawili walisuguliwa kwa taulo mpaka wakalia. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu kama nilipiga eksirei. Sikupiga. Kuanzia siku ya 55 hivi eksirei huonyesha mafuvu, unayahesabu na kuyalinganisha na nyonga ya mama, na upasuaji unapangwa mchana, bila teksi na bila doa la kijani. Niliona ni gharama isiyo na lazima.

Nilidhani yameisha. Wiki ya tatu, Jumapili mchana, Njugu alikuwa akihema kama aliyekimbia, hali amelala tu. Akasimama, akatembea kwa miguu iliyokakamaa kama ya meza, uso ukimtetemeka. Ndani ya dakika ishirini alikuwa kwenye degedege, mwili moto kama pasi. Kalsiamu ilikuwa imemwishia kwenye damu, yote imeingia kwenye maziwa. Jambo hili huwapata sana majike wadogo wanaonyonyesha, hasa wiki nne za kwanza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimempa vidonge vya kalsiamu mimba nzima, nikiona namsaidia. Kumbe mwili ukizoea kupewa, unasahau kuchota akiba ya mifupani siku maziwa yanapoihitaji. Daktari alimtia kalsiamu kwenye mshipa polepole sana, kipimo cha moyo kifuani muda wote, maana ikiharakishwa moyo husimama. Watoto wakaondolewa kwenye chuchu siku hiyohiyo, nami nikaanza kuamka kila baada ya saa nne na chupa.

Upasuaji, dripu, maziwa ya chupa na teksi vilinimeza shilingi 61,000. Sikuuza mtoto hata mmoja.

Kama wako bado hajapandwa, mfungie ndani wiki tatu zote za joto, na usiamini geti. Madume hupita palipo na nafasi ya kichwa tu. Kama alichoropoka, nenda kwa daktari siku hizohizo. Kuna njia za kukatiza mimba mapema au kumfunga uzazi kabisa, ila si za kujaribiwa na vidonge vya binadamu. Kama mimba imeshakua, mpe chakula cha watoto wa mbwa kidogokidogo mara nyingi, achana na kalsiamu ya dukani, piga eksirei, na uwe na nambari ya daktari anayepokea simu usiku. Mpigie mapema ujue kama kweli anapokea. Nusu saa ya kusukuma kwa nguvu bila mtoto, saa mbili kati ya mtoto na mwenzake, au rangi ya kijani kabla ya wa kwanza: toka nyumbani, usiulize kundi. Nairobi hii kuna watu wanaotembea na sindano mitaani wakijiita madaktari. Uliza kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Anayestahili hatakasirika.

Njugu alipopona na maziwa kukauka, alifungwa uzazi. Ana kilo 2.2 sasa na bado anaogopa teksi. Kijana wa nyumba za nyuma alikuja kuchukua mtoto wake, na sikumnyima, maana makubaliano ni makubaliano. Wa pili nilimpeleka Githunguri. Mama alimtia kwenye ndoo, akaining'iniza kwenye mizani ya maziwa, akainamia namba.

"Huyu ni jike?"

"Ni dume, Mama."

"Afadhali," akasema, akamtoa ndooni, akaiosha, akaenda kukama.