Skripti inayoishia kwenye seva ya kwanza

SWALI: Ninasimamia seva kumi na mbili za Linux kazini kwetu. Nimeandika skripti ya bash inayosoma majina yake kutoka kwenye faili la orodha.txt, mstari mmoja baada ya mwingine, kisha inaingia katika kila seva kwa ssh na kuendesha df -h ili nijue nafasi iliyobaki kwenye diski. Ajabu ni kwamba napata jibu la seva ya kwanza tu, kisha skripti inamalizika kimya bila kuonyesha kosa lolote. Nikiingia seva ya pili kwa mkono, hakuna tatizo. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, seva zako ni nzima na mtandao wako hauna hatia. Nadhani skripti yenyewe iko hivi:

while read -r seva; do
  ssh "$seva" df -h
done < orodha.txt

Hapo amri mbili zinachota katika kisima kimoja. Read inachukua mstari wa kwanza na kumwachia ssh zamu yake. Lakini ssh, kwa desturi yake, husoma chochote kinachopatikana kwenye stdin (njia ambayo amri hupokelea data, na hapa imeunganishwa na orodha.txt) na kukipeleka upande wa pili, kwa hiyo inaibeba mistari kumi na mmoja iliyosalia na kuikabidhi df, ambayo haina haja nayo hata kidogo. Read inaporudi inakuta faili limekauka, na mzunguko unafungwa kihalali kabisa, ndiyo maana hukuona kosa.

Tiba ni herufi moja: andika ssh -n "$seva" df -h, ili ssh isome /dev/null, faili maalumu lisilo na kitu, badala ya orodha yako. Ongeza pia -o BatchMode=yes na -o ConnectTimeout=5, kwani bila hizo seva moja iliyozimwa, au inayodai nenosiri, inaweza kuisimamisha kazi nzima usiku wakati hakuna mtu wa kuijibu. Ssh yenyewe ikishindwa kuunganika hurudisha namba ya matokeo (exit status) 255. Vinginevyo namba unayoipata ni ya amri iliyoendeshwa huko mbali.

Angalizo: siku utakapotaka kutuma skripti nzima kwa ssh "$seva" bash -s < ukaguzi.sh, usiweke -n, maana utakuwa umeiziba njia ileile inayopitisha skripti hiyo.

Na kwa kuwa utazidi kuandika amri za namna hii, chunga alama za kunukuu. Ukiandika ssh -n "$seva" "echo $HOSTNAME", jina hujazwa kwenye kompyuta yako kabla amri haijaondoka. Mimi niliwahi kupokea jina la kompyuta yangu mwenyewe kutoka kila seva, nikadhani nimeziharibu zote. Tumia alama moja moja, 'echo $HOSTNAME', na kila seva itajitaja yenyewe.