Biri moja, watu wanne, ladha nne: nani kakosea?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Moshi, Shanty Town. Rafiki yetu alirudi mwanzoni mwa Januari na boksi la biri 20 za Nikaragua alizonunua Dubai, saizi ya robusto, yaani fupi na nene, jani jeusi. Jumamosi iliyopita tulikaa kwangu watu wanne, tukachoma nyama, halafu kila mtu akajaribu moja. Mwenye boksi alisema ni kali, pilipili tupu. Wa pili akaapa anasikia chokoleti na kahawa. Mimi yangu ilikuwa chungu kama mwarobaini, nikaitupa nusu. Wa nne hata kwenye ladha hakufika, yake ilizimika mara tatu na ikawa inaungua upande mmoja. Zimebaki 16. Tumeuziwa mzigo mbovu, au sisi ndio hatujui kuvuta? Na hizi zilizobaki niziweke kwenye friji? Kwa sasa ziko juu ya kabati la vyombo. Ya yule wa nne ndiyo pekee niliyokuwa nimeiweka kwenye kisanduku changu cha mbao chenye sponji ya maji.

JIBU: Marahaba. Swali lako umelijibu mwenyewe bila kujua, pale mwisho kwenye sponji. Biri tatu zilikaa juu ya kabati la vyombo, Moshi, kuanzia Januari mpaka Februari, joto likiwa kali na mvua hakuna. Ya nne ilikuwa imefungiwa na maji. Kwa hiyo mzigo ni mmoja, lakini mlichovuta si kitu kimoja.

Nijieleze kidogo ili ujue naongea kutoka wapi. Kazi yangu ni kuonja kahawa, na kwa miaka kadhaa nimetunza pia kabati la biri la hoteli moja, kwa sababu mwenye hoteli aliamini kwamba anayejua kuonja kimoja ataweza na kingine. Hakukosea sana. Mambo mengi nitakayokuambia nimeyatoa kwenye meza ya kahawa.

Jani la tumbaku lina tabia ya dagaa wakavu: hewa ikiwa na unyevu linanyonya, hewa ikikauka linatoa. Biri iliyotunzwa vizuri hukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Juu ya kabati lako mchana wa Februari joto linapita hapo mbali, na unyevu unashuka. Chukua moja sasa hivi, ishike karibu na sikio, ibonyeze taratibu kwa vidole viwili. Ikitoa mlio kama karatasi kavu, imekauka. Biri kavu huungua haraka na kwa joto kubwa, na moshi ukiwa wa moto mno ule utamu wa jani huupati, unabaki uchungu na kitu kinachochoma ulimi. Pilipili ya rafiki yako na mwarobaini wako vinaweza kuwa vimetoka hapo hapo.

Utaniuliza: mbona wa pili, naye alivuta kavu, akapata chokoleti? Nakisia tu, lakini ningeweka dau: huyo si mtu wa haraka. Na wewe nakisia unavuta sigara za kawaida, au umewahi kuvuta. Aliyezoea sigara huivuta biri kama sigara, kila baada ya sekunde 15, na kichwa cha moto hakipati nafasi ya kupoa. Kwa biri, kuvuta mara moja kwa dakika kunatosha, na moshi unaishia mdomoni, haushuki kifuani. Ukiona kichwa cha moto kimechongoka kama penseli na mwili wa biri unapata joto mkononi, umekimbia. Iweke chini, ongea na wenzako.

Ya yule wa nne ni kinyume chake. Sponji yenye maji ya bomba haina breki, inaendelea kumwaga unyevu ndani ya sanduku mpaka jani linavimba. Biri iliyovimba inavutika kwa shida, inazimika, na ukichelewa inaota ukungu. Kuungua upande mmoja kunaweza kuwa na sababu zaidi ya moja: unyevu usio sawa, upepo wa barazani, kuwashwa vibaya, au mkono wa aliyeisokota. Biri nzuri hutengenezwa kwa mkono, jani la ndani, la kufungia na la nje, na ndani yake huchanganywa majani ya sehemu mbalimbali za mmea. Ya juu, ambayo Wakuba huyaita ligero, yamepigwa na jua zaidi, ni mazito na makali, yanaungua polepole. Ya chini ni mepesi na yanashika moto vizuri. Msokotaji anatakiwa kuweka lile zito katikati. Likimkwepa likaenda pembeni, upande huo utabaki nyuma huku mwingine unakimbia. Ndiyo maana hata ndani ya boksi moja unaweza kukutana na moja yenye kasoro, na si haki kulaumu boksi zima. Ikitokea, gusa upande uliochelewa kwa kiberiti, uendelee.

Sasa kuhusu hilo jani jeusi, maana naona ndilo lililowatia maneno mdomoni kabla hamjawasha. Weusi si ukali. Jani jeusi kama hilo, liitwalo maduro, huwa hivyo kwa sababu limechachushwa muda mrefu zaidi na kwa joto zaidi, na mara nyingi matokeo yake ni utamu mzito, wa kahawa iliyokaangwa sana au kakao. Ukali unatoka zaidi kwenye majani ya ndani. Nimeona wateja wakiikwepa biri nyeusi wakachukua ya rangi ya chai ya maziwa, wakatoka jasho. Na huyo aliyesikia chokoleti hakudanganya, ingawa hakuna chokoleti iliyotiwa humo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka kooni. Akipitisha moshi kidogo puani anapotoa, anasikia vitu ambavyo wewe uliyetoa wote mdomoni hukuvisikia. Isitoshe, ndimi zetu hazikuumbwa sawa kwenye uchungu. Kuna uchungu ambao watu fulani huusikia mara moja na wengine hawausikii kabisa, ni jambo la kuzaliwa nalo. Kwenye kahawa ninao wenzangu wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya robusta ya Kagera, na wote ni waonjaji hodari.

Kuna uchungu mwingine ambao si wa ukavu. Tumbaku ya kwetu ya Tabora na Chunya, ile ya mvuke, inakaushwa kwa joto ndani ya bani, banda la kukaushia, na kubaki na sukari yake, inakwenda kwenye sigara. Ya biri hukaushwa kwa hewa, kisha hulundikwa na kuachwa ichachuke, na katika kuchachuka inatoa amonia. Biri iliyotoka kiwandani mapema bado ina harufu hiyo. Inuse kabla ya kuwasha: ikikukumbusha zizi la mbuzi, ni changa, dawa yake ni kuilaza miezi, hakuna ufundi mwingine.

Halafu nyama choma. Hukusema mlikula na nini, lakini sijaona nyama choma ya Moshi isiyo na kachumbari na pilipili mbuzi. Mwenye boksi alisikia pilipili. Ya biri au ya sahani? Mimi nisingeapa.

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, maana ndipo kahawa ina la kuwafundisha. Kwenye chumba cha kuonja, sampuli moja tunaipangia vikombe vitano, si kimoja, kwa sababu punje moja mbovu inaweza kuharibu kikombe na isiharibu gunia. Kila kikombe gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, maji ya karibu nyuzi 93, dakika zile zile. Hatujui ni ya mkulima gani wala ya Kibosho au Mbinga. Na hakuna anayefungua mdomo mpaka kila mtu ameandika. Sheria hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Nilipokuwa mwanafunzi, mzee wetu alikuwa anaguna tu, "mmh, ndimu", na sisi vijana wote tunaanza kusikia ndimu, hata kwenye kahawa iliyokuwa na ladha ya gunia. Kwenu nani alizungumza wa kwanza? Nadhani ni mwenye boksi. Akishatamka pilipili, wawili mnaitafuta pilipili na mmoja anabisha kwa kusikia chokoleti.

Kwa hiyo rudieni, lakini baada ya kuzitengeneza. Friji hapana. Friji za siku hizi zinakausha hewa, na jani litabeba harufu ya kitunguu na samaki. Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, lioshe, lianike hadi harufu ya plastiki iishe, weka biri zote 16 pamoja na vipakiti vya kurekebisha unyevu vya asilimia 65 au 69. Vipakiti hivyo vinatoa unyevu ukipungua na kuunyonya ukizidi, kitu ambacho sponji haiwezi. Kama huvipati Moshi, mwambie yeyote anayetoka Nairobi au Dubai, ni vyepesi kama bahasha. Usiharakishe kwa kuweka kitambaa chenye maji: jani la ndani litavimba kwa haraka, na la nje litapasuka. Zipe wiki tatu, nne ni bora zaidi.

Kipima unyevu ukinunua cha bei nafuu usikiamini siku ya kwanza. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, tia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa siku nzima. Hewa humo itatulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 70, basi kinapunguza 5, kumbuka kuongeza.

Lile sanduku lako la mbao lichunguze. Mafundi wa huku wanatengeneza masanduku mazuri ya mtarakwa na kukuambia ni seda. Seda ya biri ni mti mwingine kabisa, wa Amerika, jamaa ya mkangazi wetu na, ukitaka kucheka, jamaa ya mwarobaini pia. Mtarakwa una mafuta yenye harufu kali, baada ya mwezi biri zako zitanukia penseli. Weka humo shanga za mke wako.

Joto nalo lina balaa lake. Kuna mdudu mdogo wa kahawia, mbawakawa wa tumbaku, ambaye mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani tangu ghalani na huanguliwa joto likizidi. Ukiona tundu kama la sindano kwenye jani la nje, toa biri hiyo mara moja. Zilizobaki zifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, ziweke sehemu ya kugandisha barafu siku tatu, kisha siku moja sehemu ya kawaida ya friji, kisha nje, bila kufungua mfuko njiani. Hiyo ndiyo safari pekee ya friji ninayoiruhusu.

Siku ya kurudia, msile kwanza pilipili, lakini msivute na tumbo tupu, nikotini itawazungusha kichwa. Vueni pete za karatasi zote. Kateni kofia, ile ncha inayoingia mdomoni, milimita mbili tu, mkizidisha jani la nje litafunguka. Washeni kwa kiberiti cha gesi au cha njiti, njiti mkiiacha kwanza salfa iishe, na msitumie mshumaa wala kile kiberiti cha petroli. Pasha mguu wa biri, yaani upande wa kuwashia, pole pole pande zote kabla ya kuvuta. Kila mtu na karatasi yake, andikeni mara tatu: mwanzo, katikati, na mwisho, kwa sababu biri hubadilika njiani na aliyetupa nusu, kama wewe, amesoma nusu ya barua. Maji ya kunywa tu. Kuongea mnaruhusiwa, ila siasa na Simba na Yanga, si biri.

Neno moja ambalo muuzaji hakuwaambia: kutoshusha moshi kifuani hakuifanyi biri kuwa salama. Saratani ya mdomo, koo na umio inawahusu wavutaji wa biri, na biri kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Mimi navuta mbili kwa mwezi, wala si usiku wa kuamkia siku ya kuonja. Watoto msikae nao barazani.

Mwambie mwenye boksi asiagize lingine kwa sasa, na asimwandikie muuzaji kwa hasira. Zilaze mpaka mwishoni mwa Machi, masika ikianza kontena libaki limefungwa vizuri. Mkivuta nne zilizotulia na karatasi zenu bado zinasema mwarobaini, pilipili, chokoleti, basi ni ndimi zenu, na zile 12 mpeni yule wa pili. Yule wa nne yeye ndio kwanza atakuwa anaionja.