Kabla hujabeba swichi ya mtumba nyumbani

Swichi yangu ya kwanza ya Cisco, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, niliinunua Kariakoo, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto. Dukani muuzaji aliichomeka umeme, taa zikawaka, nikalipa. Usiku nikaiunganisha na laptopu. Kioo kikaandika "switch:" basi, kimya. Flashi, yaani kumbukumbu yake ya ndani, ilikuwa tupu, mfumo wote umefutwa. Nikaanza kuupakia upya kwa kebo ya konsoli, ile ya kuiamrisha swichi kutoka kwenye laptopu, kwa kasi ileile ya biti 9600 kwa sekunde. Faili la MB kama 10 kwa kasi hiyo ni karibu saa tatu. Katikati LUKU ikakata, nikaanza moja. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba kasi inapandishwa mpaka 115200 kabla ya kuanza.

Nasimulia haya kwa sababu kila mwezi kuna kijana ananiuliza anunue nini asomee CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco. Mdogo wangu, kwa kuanzia usinunue kitu. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure, unaipata kwa kujiandikisha Cisco Networking Academy, na haihitaji kompyuta ya maana. Mada za CCNA kama VLAN, OSPF, NAT, ACL, IPv6, zote utazifanyia mazoezi humo mpaka uchoke.

Ukiona mkono unawasha kushika vyuma, chukua swichi mbili za Catalyst 2960 na ruta moja, mfano Cisco 1941. Kadi za siriali za kuchomeka kwenye ruta achana nazo, hata akikuongezea bure. Zilikuwa za enzi za Frame Relay, njia ya zamani ya kuunganisha mitandao ya mbali, na mtihani wa CCNA wa 200-301 ulioanza Februari 2020 hauulizi mambo hayo.

Kwa nini swichi mbili? Ziunganishe kwa kebo mbili. Utaona taa ya tundu moja imebaki ya machungwa: STP, utaratibu wa swichi wa kuzuia mizunguko, imelifunga ili data isizunguke bila kikomo. Sasa chomoa ile kebo nyingine, uhesabu. Kama sekunde 30 hivi, ndipo taa inageuka kijani. Weka rapid-pvst, aina ya STP yenye kasi zaidi, pande zote mbili, rudia, kabla hujamaliza kushangaa imeshageuka. Mimi STP niliisoma kitabuni mara nne bila kuielewa. Nilielewa siku hiyo, nimechuchumaa sakafuni na kebo mkononi.

Siku ya kununua nenda na laptopu yako, kebo ya konsoli, adapta ya USB, na PuTTY, programu ya kuandikia amri, iwe tayari. Usikubali kuonyeshwa taa. Andika show version, kisha dir flash:, uone faili la IOS, mfumo wenyewe wa swichi, kwa macho yako. Ikidai nywila ya mwenye zamani, wala usitishike. Nyumbani utaiwasha huku umebonyeza kitufe cha Mode, ubadilishe jina la config.text, faili la mipangilio lenye nywila hiyo, na mambo yataendelea. Punguzo la bei hilo, mwambie muuzaji ina kasoro. Flashi ikiwa tupu, mrudishie, labda kama una LUKU ya kutosha.