Kitufe cha "Lipa" kinagoma kwa abiria

SWALI: Shikamoo mzee. Natunza tovuti ya tiketi za basi hapa Kampala. Abiria wanalalamika kitufe cha "Lipa" hakifanyi kitu, kwangu kinafanya. Nikirekodi wanachobonyeza, nitavunja sheria? – Msomaji, Kisenyi

JIBU: Marahaba. Weka Sentry, programu inayonasa makosa ya tovuti na kurekodi wanachofanya wageni wake, na iwashwe kabla ya msimbo wako mwingine. Ikichelewa, makosa ya mwanzo yatapita. Rekodi yake si video, inanasa mabadiliko ya ukurasa na kuyajenga upya. Lakini bando linaloliwa ni la abiria, kwa hiyo usirekodi wote: vikao (yaani kila ziara ya abiria kwenye tovuti) vyenye kosa weka 1, yaani vyote, vya kawaida 0.1, yaani kimoja kati ya kumi. Usiweke 0, maana kitufe kinachogoma kimyakimya huenda kisitoe kosa lolote, nawe ndicho unachokitafuta.

Kuhusu sheria: ipo ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Waambie abiria unarekodi nini na kwa nini, waombe ridhaa. Sentry huficha maandishi na picha tangu mwanzo. Wengi huondoa kificho hicho ili "waone vizuri". Wewe kiache, namba ya simu ya mtu haikusaidii kurekebisha kitufe.