Insulini mbili, bomba moja: angavu kwanza, ya ukungu baadaye

Mgonjwa wa kisukari aliyeandikiwa insulini aina mbili, asubuhi na jioni, akichoma kila moja peke yake anajichoma mara nne kwa siku. Akizivuta ndani ya bomba moja la sindano, anajichoma mara mbili. Faida ya kuchanganya ni hiyo tu. Dawa haiongezeki nguvu kwa kuwa imechanganywa. Kwa mtoto anayeanza kulia akiona pamba, au mzee ambaye tumbo lake limejaa vinundu vya sindano, hiyo si faida ndogo. Ila kosa la uniti chache, yaani kipimo cha insulini, linatosha kuifuta yote, na kosa lenyewe halionekani kwa macho. Bomba lililokosewa na bomba sahihi yanafanana kabisa.

Insulini zinazozungumzwa hapa ni mbili. Ya kwanza ni ya muda mfupi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Actrapid: angavu kama maji ya kunywa, inaanza kazi baada ya dakika 30 hivi, na inafika kileleni baada ya muda wa saa 2 hadi 4. Ya pili ni NPH, kwa mfano Insulatard: nyeupe-nyeupe kama maji yaliyooshea mchele, inaanza polepole na kuendelea kufanya kazi kwa zaidi ya nusu siku. Herufi H katika jina hilo ni ya Hagedorn, mtafiti wa Denmark ambaye maabara yake ndiyo iliyoitengeneza miaka ya 1940. Kinachoipa ukungu ni protamini, protini ya asili ya samaki, inayoishika insulini ikae kama fuwele ndogo mno zinazoyeyuka taratibu chini ya ngozi. Ndiyo maana kichupa kikikaa weupe huzama na maji hubaki juu.

Kipimo anatoa daktari au muuguzi wa kliniki ya kisukari. Tuchukue mfano wa uniti 8 za angavu na uniti 18 za NPH. Kabla ya kugusa chochote, andika kwenye karatasi namba tatu: 8, 18, na jumla yake, 26. Hiyo 26 ndiyo namba inayosahaulika kuliko zote. Mtu anavuta angavu hadi 8, anaingia kwenye kichupa cha pili, anavuta hadi mstari wa 18 na kuridhika. Amepata NPH uniti 10, si 18, na usiku sukari itapanda bila yeye kujua sababu.

Nawa mikono kwa sabuni. Kiviringishe kichupa cha NPH kati ya viganja mara 10 hadi 20, na kukigeuza juu-chini taratibu, mpaka weupe uwe sawa kote. Usikitikise kama chupa ya maziwa mtindi. Utajaza mapovu ambayo baadaye yatakuibia kipimo. Ukiona mabonge yasiyoyeyuka, au utando kama barafu umeganda kwenye kuta za kioo, kichupa hicho kimekufa. Mara nyingi kiligandishwa, kwa sababu kilisukumwa nyuma kabisa ya friji karibu na sehemu ya kugandishia. Kuyeyuka tena hakukirudishii uzima. Angavu nayo ikiwa na ukungu, itupe.

Futa vizibo vya mpira kwa spiriti na uviache vikauke.

Sasa hewa, hatua ambayo watu huiruka kwa kuona ni urembo. Kichupa kimefungwa. Ukitoa dawa bila kuweka hewa mahali pake, ndani kunabaki mvuto, na kila siku unaongezeka. Siku utakapoingiza sindano yenye angavu ndani ya kichupa cha NPH chenye mvuto, kichupa kitainyonya angavu yako kabla hujavuta chochote. Ukizidisha hewa, kinyume chake: NPH itajisukuma yenyewe bombani na kupita mstari. Kwa hiyo hewa iwe sawa na dawa utakayotoa. Na iingizwe kwanza kwenye NPH, kwa sababu baadaye, bomba likishakuwa na angavu ndani, hutaweza tena kusukuma hewa bila kusukuma na dawa.

Vuta hewa hadi 18. Kichupa cha NPH kikiwa kimesimama mezani, ingiza sindano, sukuma hewa yote, toa sindano bila ncha kugusa dawa. Vuta hewa hadi 8, iingize kwenye angavu, na sindano ibaki humo humo. Pindua kichupa juu chini, ncha ikiwa imezama ndani ya dawa, vuta kupita 8 kidogo, gonga bomba kwa kidole mapovu yapande, yasukume yarudi kichupani, kisha tulia kwenye 8 kamili. Hapa ndipo pa kuchukua muda wako. Povu ukilikuta sasa, unarekebisha mara kumi ukitaka, maana kilichomo bombani na kilichomo kichupani ni kitu kimoja. Ukishaingia kichupa cha pili, nafasi hiyo haipo tena.

Toa sindano. Kiviringishe kichupa cha NPH tena kidogo, kwani weupe umeanza kuzama. Ingiza sindano bila kugusa pistoni, pindua, vuta taratibu mpaka 26. Simama hapo hapo. Ukipita hadi 27, usirudishe. Uniti moja utakayoisukuma si ya NPH, ni mchanganyiko, na hujui umerudisha kiasi gani cha kipi. Mwaga bomba zima, anza upya na bomba jipya. Inauma kumwaga dawa ya kununua, lakini ni uniti 27 kati ya 1,000 zilizomo kwenye kichupa cha mililita 10.

Mbona angavu ndiyo ianze? Kwa sababu kosa la upande mmoja ni baya kuliko la upande mwingine. Protamini na fuwele za NPH zikidondoka kwenye kichupa cha angavu, kidogo leo na kidogo kesho, dawa ya haraka inageuka kuwa ya polepole. Kipimo kile kile, chakula kile kile, lakini sukari baada ya kula inazidi kupanda, na watu wanaanza kulaumu ugali. Tone la angavu likiingia kwenye NPH halitakiwi pia, ila madhara yake ni madogo zaidi.

Hapo hapo pana sababu moja zaidi ya kutorudia sindano, ambayo haisemwi sana. Sindano iliyochanganya jana imebaki na mabaki ya NPH ndani ya tundu lake. Leo unaianzia kwenye kichupa cha angavu. Umefuata kanuni barabara na bado umechafua kichupa.

Bomba lenyewe linastahili macho kuliko linavyopewa. Insulini nyingi sasa ni U-100, yaani uniti 100 kwa mililita moja, na bomba lake huandikwa U-100 ubavuni. Bado yapo mabomba ya U-40. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 20, umevuta nusu mililita, yaani uniti 50. Hilo linaweza kumpeleka mtu wodini. Soma namba kwenye bomba na kwenye kichupa, zifanane. Usitegemee rangi ya kofia pekee.

Halafu hesabu mistari. Kwenye bomba la uniti 100, kwa kawaida mstari mmoja ni uniti 2. La uniti 50, mstari ni uniti 1. Kwa vipimo vya 7 au 9, bomba kubwa linakulazimisha kukisia kati ya mistari. Chukua dogo, alimradi jumla inaingia: 26 inatosha vizuri kwenye bomba la 30. Unaposoma, inua bomba usawa wa jicho na uangalie ukingo wa raba ulio karibu na sindano, si ukingo wa nyuma.

Usitumie bomba la mililita moja lenye sindano ya kuchomoa, hata duka la dawa likikuambia ni sawa tu. Kati ya bomba na sindano hiyo pana nafasi iliyofichika, ambayo inaweza kubeba hata uniti 5. Kwa sindano ya dawa moja nafasi hiyo haisumbui sana. Kwa kuchanganya inageuza mahesabu: ulipovuta angavu hadi 8, nafasi ile ilijaa angavu pia; ulipovuta NPH, angavu hiyo iliingia bombani na NPH ikakaa mahali pake. Umefika 26 kama kawaida, lakini ndani ya bomba pana angavu 13 na NPH 13. Namba imetoka sawa, dawa si ile. Bomba la insulini lenye sindano iliyoshikamana nalo nafasi hiyo ni ndogo sana.

Kisukari huharibu macho na kutia ganzi vidole, na ndivyo vinavyohitajika katika kazi hii. Funga raba ya kufungia noti kwenye kichupa cha NPH, moja tu, ili mkono ukitambue hata umeme ukikatika. Kama kuna mjukuu anayejua kusoma, asome namba kwa sauti: “Angavu nane. Jumla ishirini na sita.” Vichupa vikibadilishana nafasi, yaani 18 za angavu na 8 za NPH, sukari inaweza kuporomoka ndani ya saa chache. Ukigundua hivyo baada ya kuchoma, kula mara moja, pima mara kwa mara, na piga simu kliniki. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali.

Mchanganyiko ukishakuwa bombani, choma papo hapo, dakika 30 kabla ya kula. Ukichelewa kidogo, pindua bomba taratibu mara kadhaa ili weupe urudi sawa. Usivute asubuhi dozi ya jioni. Kichupa kilichofunguliwa kiandikwe tarehe na kwa kawaida kisitumike zaidi ya wiki 4. Pasipo friji, chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati husaidia, kikiwa kivulini penye upepo.

Neno “angavu” lina mtego wake. Glargine, inayouzwa kama Lantus, nayo ni angavu, lakini ni ya siku nzima na ina asidi. Ikikutana na insulini nyingine bombani hubadilika. Hiyo haichanganywi na chochote. Detemir na degludec, insulini nyingine za muda mrefu, nazo huchomwa peke yake. Mixtard imeshachanganywa kiwandani, asilimia 30 angavu na 70 NPH, kwa hiyo usiiongezee kitu bila kuambiwa. Na unaponunua angavu na NPH za kuchanganya, bora ziwe za mtengenezaji mmoja.

Siku ambayo mkono unatetemeka, taa hakuna, au bomba lililopo dukani ni lile la sindano ya kuchomoa, choma mara mbili kwa mabomba mawili, kila dawa kivyake. Kliniki haitakulaumu kwa hilo.