Ndizi kwa maziwa kabla ya kulala

Dada yangu wa Langoni, umeuliza kama matunda ya usiku yatamsaidia mama anayekesha hadi alfajiri. Kidogo, ndiyo. Lakini umetaja kahawa tungu baada ya isha, na hapo ndipo pa kuanzia: nusu ya kafeini, kichangamsho kilichomo kwenye kahawa, bado imo mwilini saa tano hivi tangu kuinywa. Ahamishie kahawa asubuhi.

Usiku, ponda ndizi mbivu moja, ichemshe na kikombe cha maziwa na iliki mbili, bila sukari, anywe saa moja kabla ya kulala. Hushibisha pasipo kulemea tumbo, tofauti na wali wa nazi wa saa nne. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa melatonini, homoni ya usingizi, ilipanda baada ya watu kula nanasi, ndizi au machungwa. Walikuwa wachache na wenye afya njema, basi usitarajie muujiza. Nanasi lina asidi. Kama ana kiungulia, ale mchana.

Ana sukari au maradhi ya figo? Muulize daktari kwanza, ndizi ina potasiamu nyingi, madini yanayoweza kumdhuru mwenye figo mbovu. Na akikoroma huku pumzi zikikatika, mpeleke hospitali, tafadhali usingoje.