Jibu: Baiofidibaki kwa mtoto anayejikojolea mchana

Dada, umeuliza kama baiofidibaki (mazoezi ya kutawala misuli ya mkojo kwa kuitazama kwenye skrini) itamuumiza binti yako wa miaka 7 anayejikojolea mchana. Haina sindano wala haimpigi umeme. Anabandikwa vibandiko karibu na njia ya haja kubwa, navyo vinasoma misuli. Kwenye skrini anaona mstari ukipanda akibana, ukishuka akilegeza. Kulegeza ndiko kwenye kazi, maana watoto wa namna hii hubana wakati wa kukojoa, mkojo ukabaki kibofuni. Ila kabla ya kufunga safari kutoka Lamu hadi Mombasa, mpimeni mkojo hapo hapo, na choo kigumu kitibiwe kwanza, kwani hubana kibofu. Mwalimu wa chuoni (madrasa) amruhusu kutoka kila saa mbili tatu (na asimchape, hafanyi kusudi). Kama choo chenu ni cha kukalia, muwekee kigoda. Miguu ikining'inia, misuli hailegei.